Bi Kanga na Taka za Mtaa wa Telemka

"Hadithi iko mlangoni!"

Semeni: "Ifungulie iingie!"

"Imekuja na nini mkononi?"

Semeni: "Imekuja na ufagio!"

Nyie wa nyuma sijawasikia. Imekuja na ufagio au na mwiko? Ufagio. Haya, sogeeni basi. Na mwenye karanga asidondoshe maganda kwenye mkeka wangu, maana leo mtasikia maganda ya karanga yalivyotaka kumhamisha mtu kwake.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakikaa mjini na kugombania bomba la maji kama sisi, palikuwa na mtaa ukiitwa Mtaa wa Telemka. Ulianza juu kilimani, ukashuka, ukashuka, ukashuka, mpaka chini kwenye mtaro wa maji ya mvua.

Juu kabisa alikaa Mwenyekiti Beberu, mwenye ndevu mpaka kifuani. Chini yake Punda. Chini ya Punda, Paka. Chini ya Paka, Mama Bata. Na chini kabisa, mlango wake ukitazamana na mdomo wa mtaro, alikaa Bi Kanga. Kunguru yeye hakuwa na nyumba. Alilala juu ya nguzo ya taa, na taa yenyewe ilishakufa siku nyingi.

Sasa watu wa mtaa ule walikuwa wasafi. Wasafi hasa! Kila alfajiri, kabla ya chai, kila mmoja alitoka na ufagio wake akafagia mbele ya mlango wake, huku akiimba. Nao wimbo wenyewe ni huu, mniitikie:

*Fagia, fagia, kwangu pawe peupe!*
*Shuka taka, shuka, jirani akupokee!*

Beberu alifagia mpaka mwisho wa ukuta wake, akaacha. Punda akatoka, akafagia mpaka mwisho wa ukuta wake, akaacha. Paka akafagia, akaacha. Mama Bata akafagia, akaacha. Bi Kanga akafagia ya kwake na yaliyomkuta, akasukumia mtaroni. Kisha kila mtu akaingia ndani kunywa chai, roho nyeupe.

Ikawa hivyo leo, ikawa hivyo kesho, miaka na miaka. Mtaro ukajaa. Ulipojaa ukakataa. Taka zikaanza kukaa mlangoni kwa Bi Kanga, kwanza kama kichuguu, halafu kama kitanda, halafu akawa anatoka nyumbani kwake kwa kuruka.

Na mwaka ule Bi Kanga alikuwa na mayai saba. Saba, wanangu, ameyatamia siku kumi na tano. Kutamia siyo kubeba viazi, useme leo nakaa hapa, kesho nahamia pale. Ukiyahamisha yanapoa, yakipoa basi. Na masika yalikuwa karibu, mawingu yameanza kutuna upande wa kusini. Bi Kanga akawa anatazama mawingu, anatazama mtaro, anatazama mayai yake, moyo hautulii. Maji yakishuka na mtaro umeziba, yataingia wapi? Kwake. Hakuna pengine.

Akapanda kilima mpaka kwa Beberu. "Mwenyekiti, mtaro umeziba. Jamani, mtaro!"

Beberu akajipapasa ndevu. "Jambo zito hilo, Bi Kanga. Tutaitisha mkutano."

Mkutano ukaitishwa barazani kwa Beberu, kahawa na karanga za kukaanga. Bi Kanga aliyafunika mayai kwa manyoya yake, akaja mbio. Alikuta wenzake wanaulizana hali. Wakaulizana hali ya nyumbani, ya watoto, ya mguu wa Punda, ya kifua cha Mama Bata. Bi Kanga amekalia ncha za kucha, mayai yanapoa.

Ndipo Beberu akakohoa. "Ndugu zangu, mtaa umeharibika."

"Umeharibika!" wakaitikia.

"Zamani mtaa huu ungeweza kumwaga wali njiani ukaula."

"Na mchuzi juu yake!" akasema Punda.

"Taa imekufa. Kelele usiku kucha. Uchafu. Adabu hakuna. Nauliza, nani ameuharibu mtaa wetu?"

Wakatazamana. Kisha Mama Bata akasema, "Mimi simsemi mtu, mnanijua. Lakini sabuni yangu ya kufulia imechukuliwa mara mbili, na aliyeichukua ana mabawa meusi."

"Kunguru!" akasema Paka. "Tena hana hata nyumba. Mtu asiye na mlango atajuaje kufagia?"

Kunguru alikuwa papo hapo juu ya nguzo yake. "Sabuni nilichukua," akasema. "Hilo sikatai. Lakini uchafu wenu mimi naula. Mnajua nakula kiasi gani kwa siku?"

"Mnamsikia anavyojibu wakubwa?" akasema Beberu. "Anayetaka Kunguru aondoke, ainue mkono."

Punda akainua kwato. Paka akainua. Mama Bata akainua. Bi Kanga alijua wazi kwamba kunguru hawezi kuziba mtaro. Lakini mayai yalikuwa yanapoa, na mkutano ukiendelea hataondoka. Akainua bawa. Kunguru akaliona lile bawa, akaliangalia kidogo, akaruka zake.

Wakapiga makofi, wakamaliza karanga, wakatawanyika. Mtaro hakuna aliyeutaja.

Asubuhi, fagia, fagia, kwangu pawe peupe! Bi Kanga akafungua mlango. Rundo limeongezeka, maana mlaji wake ameondoka. Na juu ya rundo, yakimeta, maganda ya karanga. Karanga za kukaanga, za jana, za barazani kwa Mwenyekiti.

"He!" akasema Bi Kanga. "Nyinyi mmefikaje huku?"

Akapanda tena kilima. "Mwenyekiti, mtaro! Jamani, mtaro!"

"Kumbe haijatosha," akasema Beberu. "Tutaitisha mkutano."

Mkutano wa pili, kahawa na karanga. Hali za nyumbani, za watoto, mguu, kifua. Mtaa umeharibika. Umeharibika! Zamani ungeweza kumwaga wali njiani ukaula. Na mchuzi juu yake!

"Nani ameuharibu?" akauliza Beberu.

Bi Kanga akasimama. "Mimi naomba kusema. Tulipokutana hapa tulikula karanga. Asubuhi maganda yake nimeyakuta mlangoni kwangu. Sasa yameshukaje?"

Wakacheka. Punda alicheka mpaka akaonyesha fizi. "Bi Kanga wee! Maganda yana miguu?"

"Ndiyo nawauliza nyinyi!"

"Shoga yangu," akasema Mama Bata kwa upole, "ukitamia sana kichwa huchoka. Mimi mwenyewe mwaka juzi niliona ukuta unacheza."

"Nawaambia nani anaharibu mtaa," akasema Punda, machozi ya kicheko yakimtoka. "Wanaopigana juu ya mabati usiku mtu asilale. Mimi nabeba mizigo tangu alfajiri, nataka usingizi wangu."

Macho yote yakamgeukia Paka.

"Mimi?" akasema Paka. "Mimi si ndiye niliyeinua mkono juzi pamoja nanyi?"

"Kuinua mkono ni kuinua mkono," akasema Beberu. "Kelele ni kelele. Anayetaka Paka aondoke?"

Kwato ikainuka. Bawa la Mama Bata likainuka. Bi Kanga akasita, akasita, akasikia ubaridi wa mayai kama uko kifuani mwake. Akainua. Na nisiwafiche, wanangu, ndani kabisa ya moyo aliona nafuu kidogo: si mimi.

Paka akaondoka na mkia wake juu. Wakapiga makofi.

Asubuhi, fagia, fagia, kwangu pawe peupe! Rundo limekuwa mlima. Maganda ya karanga juu. Na sasa ndani ya mlima mna panya, wanakoroma, maana Paka hayupo.

Bi Kanga akapanda kilima mara ya tatu. Safari hii hata sauti ilikuwa imemkauka. "Mtaro, Mwenyekiti. Mtaro, mtaro, mtaro."

"Na leo," akasema Beberu, "mkutano tutaufanyia chini huko huko. Tukajionee."

Bi Kanga akafurahi. Wanakuja kuona wenyewe! Akapanga viti, akaweka mkeka. Wakashuka na karanga zao. Wakasimama mbele ya ule mlima, wakaziba pua.

"Ndugu zangu," akasema Beberu, "kwangu mmepaonaje?"

"Peupe!"

"Kwa Punda?"

"Peupe!"

"Kwa Mama Bata?"

"Peupe pepepe!"

"Na uchafu uko mlangoni kwa nani?"

Wakautazama mlima. Kisha wakamtazama Bi Kanga.

"Tena tazameni," akasema Punda, "mpaka maganda ya karanga! Mtu anakula karanga usiku na mchana, halafu anakuja kutulalamikia mtaro."

"Karanga nilikula wapi mimi?" akapiga kelele Bi Kanga. "Nimekula kwenu! Hata hizo sikula, nilikuwa na haraka!"

"Shoga, usipandishe sauti," akasema Mama Bata. "Tunakusaidia."

Beberu hakuuliza hata nani anayetaka aondoke. Alihesabu kwato, akahesabu bawa, akatoa hukumu: Bi Kanga ana siku tatu, ya nne awe amehama, na mayai yake.

Bi Kanga aliingia ndani akayakalia mayai yake. Mawingu yamejaa nusu ya mbingu. Ayabebe? Yatakufa. Akae? Watamtoa kwa nguvu, au maji yatamtoa. Alilia kidogo. Halafu akaacha kulia, maana alikuwa na hasira, na hasira na machozi havikai tumbo moja. Akawa anauimba ule wimbo taratibu, kama mtu anayetafuna kitu asichokijua. *Shuka taka, shuka, jirani akupokee.* Akauimba tena. Jirani akupokee. Jirani wa Beberu ni Punda. Jirani wa Punda ni Paka. Jirani wa Paka ni Mama Bata. Jirani wa Mama Bata...

"Ni mimi," akasema. "Na jirani yangu mimi ni mtaro. Na wimbo huu hata mimi nauimba tangu nina manyoya."

Akanyanyuka, akamwahi Beberu kabla hajafika kwake.

"Mwenyekiti, hukumu nimeikubali. Ila ipo desturi ya mtaa wetu. Anayehama huagwa siku tatu, na siku za kuaga hakuna anayeshika ufagio. Ukifagia unamfagia yeye na baraka zake. Au desturi zimekufa pamoja na taa?"

Beberu alipenda desturi kuliko majani mabichi. "Desturi lazima iheshimiwe!" akasema. "Siku tatu, ufagio usionekane nje!"

Siku ya kwanza, hakuna fagio, hakuna wimbo. Bi Kanga akafungua mlango: mlima ule ule wa jana, haukuongezeka hata jani. Juu huko Punda alikuwa anauliza, "Nani kamwaga pumba hapa kwangu?"

Siku ya pili, Mama Bata alikanyaga makombe ya konokono mlangoni kwake, akaita, "Nani mwenye ujinga huu?" Hakuna aliyejibu, maana katika mtaa mzima hakuna anayekula konokono ila yeye.

Siku ya tatu ndiyo yenyewe.

Mwenyekiti Beberu alitoka ndani kwa mwendo wake wa heshima, ndevu amezichana. Mbele ya mlango wake kulikuwa na maganda ya ndizi ya siku tatu. Akakanyaga la kwanza. Mguu wa mbele ukaenda, wa nyuma ukaufuata. Akakaa chini, na mtaa, kama jina lake, ukamchukua.

Akateleza! Akapita kwa Punda, akakomba pumba na mabua. Akapita kwa Paka, pakavu, nyumba tupu. Akapita kwa Mama Bata, akakomba matope na makombe ya konokono. Akaja, akaja, akaja, mpaka pu! Kichwa ndani ya mlima wa taka, miguu juu, mlangoni kwa Bi Kanga.

Bi Kanga akachungulia. "Karibu, Mwenyekiti," akasema. "Hii ndiyo njia wanayopita wenzako kila asubuhi."

Punda na Mama Bata walishafika mbio, wanahema. Beberu akatoa kichwa. Ndevuni mwake mlikuwa na ganda la ndizi, na pumba, na kombe la konokono, na maganda ya karanga, kila kimoja kimekaa kama kimeshonwa.

"Ndizi anakula nani?" akauliza Bi Kanga.

Beberu akalishika lile ganda ndevuni. "Mimi."

"Pumba?"

"Za kwangu," akasema Punda, masikio yamelala.

"Konokono?"

Mama Bata akatazama miguu yake.

"Na karanga?"

Wote watatu wakajipangusa midomo. Bi Kanga akashusha pumzi. "Basi na hayo mengine huko chini, yaliyoziba mtaro, ni ya kwangu. Nilisukumia humo kila siku na nilijua. Nikawaacha mmfukuze Kunguru, mkamfukuza Paka, na bawa nikainua."

Radi ikapiga. Tone la kwanza likaanguka juu ya pua ya Punda.

Beberu akasimama, akajikung'uta, akakohoa. Na mnajua alisema nini? Alisema, "Ndugu zangu, jambo hili ni zito. Napendekeza tuunde kamati."

Wanangu, hapo Bi Kanga alipiga kelele ambayo haijawahi kupigwa. "Mtaro! Mtaro! Mtaro! Mtaro! Jamani, MTARO!" Mpaka Punda akaruka. Mpaka mabati yakalia. Na kwa mara ya kwanza tangu mtaa ule uwe mtaa, kila mtu aliutazama mdomo wa mtaro.

Wakaanza kuvuta. Lakini kwato haziingii mtaroni, na mdomo wa bata ni bapa, unateleza. Kilichoziba kilikuwa ndani, matambara na nyuzi na mifupa, kimeshikana kama kamba. Hapo panataka mdomo mkali na kucha ndefu.

Mama Bata akaelewa kabla ya wengine. Akasema chinichini, "Nenda kawaite, shoga. Mayai nitayakalia mimi. Mimi na maji tunajuana."

Bi Kanga akakimbia kwenye mvua mpaka sokoni, walikohamia wale wawili. Kunguru na Paka walikuwa wamekaa juu ya paa la bucha.

"Nililiona bawa lako," akasema Kunguru.

"Najua uliliona. Niliinua nikijua si wewe. Niliinua kwa sababu aliyetajwa hakuwa mimi. Sina la kujitetea, ila nina mayai saba na maji yanashuka."

Paka akajilamba mguu. "Panya wamezidi, eh?"

"Wanakoroma."

Kunguru akamtazama Paka. "Tutakuja. Kwa sharti moja. Kila kitakachotoka mtaroni, mwenyewe atakibeba kukirudisha mlangoni kwake. Mchana huu huu, mbele ya wote."

Wakaenda. Paka aliingia mtaroni mzima mzima akikwaruza, Kunguru akavuta kwa mdomo, Punda akarushiwa kamba akaivuta kwa meno. Na Beberu, Mwenyekiti Beberu, alipanda kilima kwenye mvua, maganda ya miaka na miaka yamening'inia kwenye pembe zake, akashuka, akapanda tena. Mara ya saba hakukumbuka tena kuchana ndevu. Na Bi Kanga naye alibeba yake mwenyewe, pakacha baada ya pakacha, mpaka mkiani pakauma.

Mtaro ukazibuka. Maji yakasema gurugudu! yakaondoka.

Lakini yalishaingia ndani kidogo kabla ya kuondoka. Bi Kanga aliporudi, Mama Bata alikuwa amekaa palepale, maji kifuani, mayai ameyapandisha juu ya mgongo na mabawa yake. Sita. La saba lilikuwa limemponyoka. Mama Bata akamsogezea yale sita, moja moja.

Vifaranga sita walianguliwa, wazima, wa madoadoa. La saba Bi Kanga alilizika pale pale kwenye mdomo wa mtaro. Beberu alikuja kutoa pole. Akakohoa, akafungua mdomo atoe maneno yake marefu. Bi Kanga akamtazama, akampa ufagio. Beberu akaupokea, akaenda kwake, akafagia kwa kurudisha nyuma, kuelekea mlangoni kwake.

Tangu siku ile katika Mtaa wa Telemka kila mtu hufagia akivuta kwake, akazoa, akaweka kwenye kapu lake. Kunguru amerudi kwenye nguzo yake, na sabuni bado anaiba, hilo silifichi. Paka bado anapigana juu ya mabati. Na wimbo umegeuka. Mniitikie:

*Fagia, fagia, kwangu pawe peupe!*
*Rudi taka, rudi, mwenyewe nakupokea!*

Ndiyo maana mpaka leo, mawingu yakitanda kabla mvua haijanyesha, kanga hupiga makelele yale mnayoyasikia. Watu husema kanga ana kelele. Yeye anawaambia watazame mtaro wao.

Basi mafunzo ya hadithi hii ni haya: ukiona mtaa umeharibika, usianze kutafuta wa kumfukuza. Fuata taka zako kwanza, uone zimelala kwa nani. Na siku wakikuomba uinue mkono kumtoa mtu ambaye unajua hana kosa, kaa na mkono wako chini, hata kama una haraka ya kwenda nyumbani.

Hadithi yangu naikunja kama mkeka, naisimamisha ukutani. Ikiwa imewapendeza, nendeni nayo kwenu. Ikiwa imewachosha, msiiache mlangoni kwa jirani: nirudishieni, ni ya kwangu, nitaizoa mwenyewe.

Na haya maganda ya karanga hapa chini, ni ya nani?